Mama, Unakaa Fasi Gani Ndani ya Mtumbwi?



Siku ya kliniki tunakuuliza maulizo mingi. Mimba iko ya miezi mingapi? Mtoto ananyonya vizuri? Amepata chanjo ngapi? Munalala ndani ya chandarua? Haya yote ni maulizo mazuri, na wewe unayajibu bila kuchoka. Lakini kuna ulizo moja ambalo sisi wauguzi tulilisahau miaka mingi: Umefika hapa namna gani? Na kama umevuka ziwa, ulikaa fasi gani ndani ya mtumbwi?

Mimi ni muuguzi, na ninafundisha katika shule ya wauguzi. Nilianza kuuliza ulizo hilo kiisha siku moja ya huzuni.

Asubuhi ile wamama sita walikuwa wanakuja kupima watoto. Walipanda mtumbwi mdogo wa uvuvi. Ndani kulikuwa nyavu za usiku, bado zimelowa, na magunia mawili ya makala ya kupeleka soko. Mama mmoja alikuwa na mimba kubwa. Kwa kumuheshimu, wenzake walimkalisha juu ya magunia, ili kikwembe chake kisilowe. Wengine walikaa juu ya ukingo, maana chini kulikuwa maji.

Ziwa lilikuwa kimya. Walipokaribia pwani yetu, bwato kubwa la moteri likapita na kuleta mawimbi. Mama aliyekaa juu akaogopa, akashika bega la jirani yake. Jirani naye akashika mwingine. Wote wakaegemea upande mmoja. Mtumbwi ukapinduka, mita chache tu toka kwenye mchanga.

Wavuvi waliwaokoa wamama wote sita. Lakini mmoja wao alikuwa amefunga mtoto mgongoni kwa nguvu, kama tunavyofanya tukienda shamba. Yeye alishika mtumbwi, uso wake ukabaki juu ya maji. Mtoto mgongoni alikuwa ndani ya maji. Fundo lilikuwa limelowa, vidole vya mama havikuweza kulifungua.

Mtoto yule alikuwa na miezi tisa. Alikuwa anakuja kuchanjwa surua. Nilishika kadi yake mkononi: hakukosa chanjo hata moja. Tulikuwa tumemlinda kwa magonjwa mingi, lakini hatukumwambia mama yake namna ya kukaa ndani ya mtumbwi. Tangu siku ile ninafundisha somo hili.

JUU YA NINI MTUMBWI UNAPINDUKA?

Jaribu nyumbani, watoto wakikuangalia. Chukua sufuria ndogo, uiweke juu ya maji ndani ya beseni kubwa. Chukua chupa ndogo, uijaze mchanga na kuifunga. Simamisha chupa katikati ya sufuria, kiisha gusa ukingo wa sufuria kwa kidole kimoja. Utaona: chupa inayumba, inaanguka upande mmoja, na mara mingi sufuria inaingiza maji.

Sasa ulalishe chupa ile ile katikati, chini kabisa. Gusa ukingo tena. Sufuria inatikisika kidogo, halafu inatulia.

Uzito haukuongezeka hata gramu moja. Ni chupa ile ile na mchanga ule ule. Kilichobadilika ni fasi tu. Uzito ukiwa juu, unaangusha mtumbwi. Uzito ukiwa chini na katikati, unautuliza mtumbwi. Ukielewa neno hili moja, umeelewa somo lote.

Usifikiri kwamba ni mitumbwi midogo peke yake inayopinduka. Tarehe 3 Oktoba 2024, meli iliyoitwa Merdi ilitoka Minova, ikapinduka karibu sana na bandari ya Kituku kule Goma, watu wakitazama toka pwani. Ilikuwa imepakia watu kupita kipimo. Watu wengi walikufa. Meli ni kubwa, mtumbwi ni mdogo, lakini maji yanafuata sheria moja.

NAMNA TATU ZA KUPANGA FASI ZA KUKAA

Mvuvi anatengeneza mtumbwi wake kwa kuvua. Anafikiri nyavu, kasia na taa. Mara mingi hafikiri mama mwenye mimba, juu mama anapanda kwa bahati tu. Kwa hiyo tuangalie pamoja namna watu wanavyopanga vibao vya kukalia, na kila namna ina faida gani na hatari gani.

Namna ya kwanza ni vibao virefu kandokando ya mtumbwi, watu wanakaa wakitazamana. Katikati kunabaki njia ya kupita. Watu wanapenda namna hii kwa sababu inaingiza watu mingi na wanaweza kuzungumza. Lakini ni namna mbaya kwa mtumbwi mdogo. Uzito wote uko pembeni. Upande mmoja wakitoka watu wawili ao wakiinuka kuangalia kitu, upande mwingine unazama. Tena ile njia ya katikati inaita watu kutembea, na mtumbwi mdogo hautaki kutembelewa.

Namna ya pili ni vibao vya kukata mtumbwi, toka upande huu mpaka upande ule. Watu wanakaa katikati ya kibao, wakitazama mbele ao nyuma. Namna hii ni nzuri zaidi. Tena vibao hivyo vinashikilia mbao za pande mbili, zisifunguke wala zisikunjamane wakati wa mawimbi. Lakini kama viko vingi, mgonjwa hana fasi ya kulala. Na kama viko juu sana, karibu sawa na ukingo, watu wanakaa juu kama ile chupa iliyosimama.

Namna ya tatu ni kukaa chini kabisa, ndani ya tumbo la mtumbwi. Hapo ndipo uzito unatulia kuliko fasi zote. Ubaya wake ni maji. Chini ya mtumbwi hakukosi maji, na mama anayelowa kwa saa mbili, pamoja na mtoto mchanga, atafika na baridi.

MPANGO TUNAOUPENDA

Tuseme bwana yako ana mtumbwi wa mbao wa urefu wa mita 6. Sisi tunashauri achanganye namna ya pili na ya tatu, hivi:

1. Nyuma, kibao kimoja cha kukata, cha mwenye kuongoza.

2. Mbele, kibao kimoja cha kukata, cha mwenye kupiga kasia.

3. Katikati, nafasi wazi ya urefu wa mita 2 hivi, bila kibao cha juu. Hapo chini aweke kichanja cha miti ao cha vipande vya mbao, kilichoinuka vidole vitatu ao vinne juu ya maji ya chini. Juu ya kichanja munatandika mkeka. Usiku nyavu na samaki vinakaa pale. Mchana munapakaa wamama, watoto, ao mgonjwa aliyelala.

4. Kichanja kifungwe kwa kamba, kisiteleze. Lakini kiwe chepesi kuondoa, ili mtumbwi uoshwe na maji yachotwe.

Vibao vyenyewe viwe chini. Kibao kizuri kiko shibiri moja ao zaidi chini ya ukingo. Ukikaa juu yake, magoti yako yanainuka kidogo. Ukikaa na miguu inaning'inia kama kwenye kiti cha ofisi, kibao kiko juu sana.

Neno la kuangalia: mtu asing'oe kibao cha katikati bila kuuliza fundi wa mitumbwi. Kama tulivyosema, kibao kinaweza kuwa ndicho kinachoshika pande mbili. Fundi atajua kama kinaweza kushushwa, ao kusogezwa, ao kama mbavu za mtumbwi zinatosha.

Kama mtumbwi wenu ni wa gogo moja, wa kuchonga, hauna upana. Musiweke vibao vya juu hata kidogo. Watu wakae chini, mmoja nyuma ya mwingine, kwa mstari wa katikati.

Na zile mitumbwi tatu zinazofungwa pamoja kwa miti mirefu, zile za kuvua sambaza kwa taa kwenye Ziwa Kivu? Zina upana mkubwa na hazipinduki haraka. Lakini abiria akae ndani ya mtumbwi, si juu ya miti ile. Mti unateleza, na chini yake ni maji matupu. Ni vile vile kwa mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja ya wavuvi wa ndagala kule Ziwa Tanganyika.

MBELE NA NYUMA

Uzito usawazishwe si kuume na kushoto tu, bali hata mbele na nyuma. Mbele kukiwa kuzito, pua ya mtumbwi inaingia ndani ya wimbi, na mwenye kuongoza hawezi kugeuza. Nyuma kukiwa kuzito sana, maji yanaingia toka nyuma. Mtumbwi wenye moteri tayari una uzito nyuma: moteri, mafuta, na mtu anayeuongoza. Kwa hiyo abiria wasogee mbele kidogo ya katikati, wasirundikane karibu na moteri.

Watu wawili wenye uzito sawa wakae sambamba. Mama mnene asikae peke yake upande mmoja na mtoto wa shule upande mwingine. Hii si kumcheka mtu. Sisi pia kwenye kliniki tunapima kilo, na hakuna haya.

Magunia, bidoni na mikungu ya ndizi viwekwe chini, katikati, na vifungwe. Mtu asikae juu ya mzigo. Yule mama wa hadithi yetu alipewa fasi ya juu kwa heshima. Ndani ya mtumbwi, fasi ya heshima ni ya chini.

KILO YA MTUMBWI

Mtoto tunampima kwa mizani. Mtumbwi nao una mizani yake: ni ukingo. Watu wote wakiisha kukaa, angalia toka maji mpaka ukingo, kwenye fasi iliyo chini kuliko zote. Isipobaki hata shibiri moja ya mkono wako, mtumbwi umejaa, hata ziwa likiwa kimya. Shusha mzigo ao ngojea safari ya pili. Kukiwa upepo, shibiri moja haitoshi.

Angalia pia maji ya ndani. Litri moja ya maji ina kilo moja. Bidoni ya litri 20 ni kilo 20. Kama chini ya mtumbwi kuna maji ya bidoni tatu, ni kilo 60: umepakia mtu mzima ambaye haumuoni. Na ni mtu mbaya, maana hakai fasi moja. Mtumbwi ukiinama kuume, anakimbilia kuume. Ukiinama kushoto, anakimbilia kushoto. Kwa hiyo mtu mmoja awe na kopo la kuchota maji tangu mwanzo wa safari, na akae fasi ambayo anaweza kuchota bila kuinuka.

NANI AKAE FASI GANI?

Mama mwenye mimba. Akae chini juu ya kichanja, katikati, mgongo ukiegemea kibao. Kama anachoka, alale kwa ubavu wa kushoto. Asilale chali. Mimba ikiwa kubwa, mama akilala chali, mtoto na maji yake vinakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Mama anaona kizunguzungu, anaweza kuzimia, na mtoto tumboni anapata damu kidogo.

Mama mwenye uchungu wa kuzaa, ao anayetoka damu, ao aliyepata degedege. Alale kwa urefu wa mtumbwi, katikati, kwa ubavu wa kushoto, amefunikwa vizuri. Kwa urefu, si kwa kukata, ili uzito wake ubaki katikati. Mtu wa kumsindikiza akae kwenye kichwa chake, si pembeni yake. Degedege ikirudi, musimbane kwa nguvu na musimtie kitu kinywani, hata kijiko. Mushike tu asigonge kichwa, na watu wengine wote wabaki wamekaa. Mtu akisimama kwa hofu, munaweza kupoteza watu wote kwa ajili ya kuokoa mmoja.

Mtoto anayebebwa. Asifungwe mgongoni ndani ya mtumbwi. Mlete mbele, kifuani ao mapajani. Kama ni mchanga, awe ngozi kwa ngozi na mama, chini ya kikwembe, apate joto. Lakini fundo la kikwembe liwe lile linalofunguka ukivuta mara moja. Lijaribu kabla ya kupanda: vuta kwa mkono mmoja. Likikataa, funga upya.

Mtoto anayetembea. Akae katikati ya miguu ya mtu mzima, juu ya kichanja. Kila mtoto awe na mtu wake. "Mutoto wa nani huyu?" lisiwe ulizo la kuuliza katikati ya ziwa.

Gile ya kuelea. Mwezi wa 4 mwaka 2019 bwato lilizama kwenye Ziwa Kivu, upande wa Kalehe, na watu wengi walipotea. Kiisha ajali ile serikali iliagiza kila abiria avae gile. Kama mwenye mtumbwi anazo, zivaliwe na kufungwa, zisikaliwe kama mto. Mtoto avae ya kipimo chake, maana ile kubwa inamtoka kichwani akiingia majini. Kama hakuna gile, bidoni tupu iliyofungwa vizuri inaelea, na mtu anaweza kuishika. Lakini bidoni haiwezi kuchukua fasi ya gile.

MTUMBWI UKIPINDUKA

Kwanza vuta fundo, mlete mtoto mbele, uinue uso wake juu ya maji. Kiisha mushike mtumbwi. Mtumbwi wa mti, hata ukijaa maji, kwa kawaida hauendi chini kabisa, na watu wa pwani wanauona haraka kuliko kichwa cha mtu. Usiuache na kuogelea kwa kufikiri pwani iko karibu. Musipande wote juu yake: mushike kandokando, pande mbili.

NAMNA YA KUSEMA NA BWANA YAKO

Mama mmoja aliniambia: "Mama muganga, haya yote ni mazuri, lakini mtumbwi si wangu. Nikisema, atasema ninataka kumfundisha kazi yake."

Nilimjibu: usianze na makosa yake. Anza na mtoto. Ngojea amekula, ametulia, kiisha useme: "Baba Furaha, leo kwenye kliniki walitufundisha gisi ya kuvuka na mtoto. Wanasema katikati ya mtumbwi kunafaa kichanja. Na mimi ninaona kitasaidia hata nyavu zako, zisilale ndani ya maji."

Na ni kweli, kitasaidia nyavu. Mama yule alirudi mwezi uliofuata akicheka. Bwana yake alikuwa amekata miti siku ile ile, na jirani zake wawili wakaja kutazama. Mvuvi hapendi kufundishwa kazi, lakini anapenda kitu kinachofaa.

Jambo moja zaidi. Kama unakaa ngambo ya maji, usingojee uchungu ukuanze usiku ndipo mutafute mtumbwi. Ukiingia mwezi wa tisa, omba fasi kwa ndugu aliye karibu na materniti, ao uulize hospitali kama ina nyumba ya wamama wanaongojea kuzaa. Na safari ya kliniki ifanywe asubuhi mapema, mara mingi ndipo upepo ni kidogo. Ukiona mawingu meusi ao mawimbi yenye povu nyeupe, rudi nyumbani. Sisi hatutakukaripia. Chanjo ya leo tunaweza kuitoa siku nyingine.

Zamani niliwakaripia wamama waliochelewa. Sasa nikiona mama anafika saa sita mchana, kikwembe kikavu, mtoto kifuani, na anasema, "Tulingojea mtumbwi wa pili, ule wa kwanza ulijaa," ninampa kiti na kumwambia asante.

MAULIZO YA KUJIBU PAMOJA

1. Chupa iliyosimama na chupa iliyolala ndani ya sufuria zinatufundisha nini?

2. Juu ya nini vibao vya kandokando si vizuri kwa mtumbwi mdogo?

3. Mama mwenye mimba kubwa akae ao alale namna gani? Juu ya nini asilale chali?

4. Utajua namna gani kwamba mtumbwi umejaa?

5. Leo utarudi nyumbani kwa mtumbwi. Onyesha jirani yako fundo la kikwembe chako. Linafunguka ukivuta mara moja?